Gauni Lililosemwa Vibaya

Mtaani walimwita Mama Geuza, na jina lilimkaa. Hakuna nguo iliyopita mikononi mwake bila kugeuzwa ndani nje. Alianza na kola, akashuka kwapani, akauvuta mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili kuona kama uzi utaachia, akapandisha zipu na kuishusha, kisha akaliinua vazi zima kwenye mwanga kutafuta vitundu vya nondo. Kunusa alinusa mwisho. Iliyofaulu puani ilikuwa nguo, na iliyofeli ilirudishwa rundoni hata kama lebo yake ilikuwa ya dhahabu.

Kazi iliyomlisha ni kushona mashuka ya hospitali. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha kufulia, cherehani chini ya dirisha, upande huu mashuka yaliyochanika na upande ule yaliyokwisha kutiwa viraka, na mvuke wa pasi kubwa za jirani ukimtoa jasho mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mshahara wake ulikuwa wa kusikitisha. Hata hivyo, yeye na mwanawe wa pekee walivaa vizuri kiasi cha kuwaudhi watu. Mwalimu mmoja alishikilia kwamba baba wa yule kijana anafanya kazi ughaibuni, kwa sababu mtoto wa mshona mashuka hawezi kuvaa shati la pamba nzito namna ile na viatu vya ngozi. Baba mtu alikuwa kaburini tangu mtoto hajaanza kutambaa. Mashati yalitoka kwenye mitumba.

Siri yake, kama ni siri, ni kwamba hakuwahi kupenda kitu hadharani. Pale sokoni, marobota yanapokatwa kamba asubuhi na nguo kumwagwa kwenye maturubai, watu wengine wakiona kizuri macho huwatoka, na muuzaji kazi yake ni kuyasoma macho hayo. Mama Geuza akiona kizuri alikishika kwanza kibaya kilicho jirani yake, akakisifu kidogo, akakitupa. Ndipo mkono wake ulipokiangukia kile anachokitaka kama vile kwa bahati mbaya, na hapo ndipo matusi yalipoanza. Hiki kimefubaa. Hiki aliyekikata alikuwa na haraka ya kwenda msibani. Hiki labda nikapangusie meza. Kadiri alivyokipenda ndivyo alivyozidi kukichamba, kisha akataja bei yake, bei ya kutupa, akageuza mgongo na kuondoka polepole. Ustadi wote ulikuwa kwenye huo mwendo wa polepole. Karibu kila mara walimwita, naye akarudi na uso wa mtu anayewafanyia wenzake hisani.

Alivyoishi na hivyo vitu baadaye ni jambo jingine. Kochi alilolitukana sokoni mpaka mwenyewe akakaribia kulia, alilifunika kitambaa na hakuruhusu mtu alikalie na suruali chafu. Lakini hayo yalikuwa ya nyumbani, mlango ukishafungwa na bei ikishalipwa.

Basi mwanawe, ambaye sasa alikuwa fundi wa majokofu, akaleta mchumba. Binti alifanya kazi kwenye duka la dawa, akifungasha vidonge na kuwaeleza wazee mara ya tatu kile alichowaeleza mara ya kwanza, bila kupandisha sauti. Alikuja na shangazi yake, mama wa makamo aliyefunga kilemba chake kwa mkazo na kuketi wima kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Wakala, wakanywa soda, wakaulizana habari za afya. Binti alikula alichopewa na kusema kidogo. Mama Geuza alimtazama mara mbili tu, na hakuhitaji ya tatu. Huyu alimtaka.

Ubaya ni kwamba alijua njia moja tu ya kutaka kitu. Binti alipotoka kwenda kuosha vyombo, yeye alimgeukia shangazi, akauvaa uso wake wa sokoni, akaanza. Mwembamba huyu, alisema. Sauti yenyewe ya mgonjwa anayeomba maji. Huko kwenu hamna wenye mwili kidogo? Na duka la dawa nalo, si kazi ya kusimama tu? Alingoja shangazi acheke, aisifu bidhaa yake, aseme kwamba wembamba huo ndio unaodumu, naye apate pa kulegeza taratibu mpaka wafikiane. Ndivyo watu wenye akili wanavyopatana. Shangazi alimaliza soda yake, akashukuru kwa makaribisho, akarudi kwao na maneno yote kama yalivyo, ila chumvi aliiongeza njiani.

Baada ya siku chache kijana alimfuata mama yake mpaka kwenye chumba cha cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aache kaptula. Alisimama kati ya mashuka, mikono imejaa grisi, akamweleza. Binti alikuwa amesema mambo ya harusi yasimame. Hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hamtaki, na kama mambo ni hayo, bora kila mtu ashike njia yake mapema kuliko kuja kutengana na watoto mgongoni.

Mama Geuza alishangaa kwa dhati. Alitaka kujua yeye kasema nini cha ajabu. Kochi alilisema vibaya kuliko hivyo.

"Mama," kijana alisema, "huyu akiondoka mimi sitafuti mwingine. Nakuambia mapema usije ukasema hukujua."

Akaondoka. Mama alikanyaga pedeli ya cherehani, akashona shuka moja upande usio wake, akalifumua. Aliogopa. Tangu mume wake afe hakuwa ameogopa hivyo, na hofu ile ilimkasirisha, kwa sababu hakuona alipokosea. Kuomba radhi kwa maneno ambayo yeye aliyaona ya kawaida kulimshinda. Akaona bora atende jambo. Akamtumia binti salamu: Jumamosi twende sokoni, mama mkwe wako akutafutie gauni la harusi. Akipata gauni nililomtafutia mimi, alijiambia, kila mtu ataona kama namtaka au simtaki.

Binti alikuja. Huenda ni kwa adabu, huenda ni kwa kubembelezwa na kijana. Alisalimia vizuri, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, na njia nzima alijibu kila alichoulizwa bila kuuliza chochote.

Kwenye safu ya magauni, nyuma ya makoti ya mvua na rundo la suruali za watoto, palikuwa na muuzaji wa makamo aliyechomeka sindano zenye uzi kwenye mfuko wa shati. Alikuwa mgeni kwenye safu ile. Nguo zake hakuzimwaga chini. Alizitundika kwenye hanga. Na katikati ya yote lilining'inia gauni moja jeupe lisilo jeupe sana, rangi ya maziwa yaliyokaa, mikono mirefu ya lesi, shanga ndogo kifuani zilizoshonwa moja moja. Mama Geuza aliliona kutoka mbali. Alijua kabla hajaligusa kwamba bitana yake ni hariri, na kwamba likipunguzwa kidogo mabegani litamkaa yule binti kama alikatiwa. Akashika sketi ya bluu iliyokuwa pembeni, akaisifu.

Binti hakujua mambo hayo. Alilisogelea gauni moja kwa moja, akanyoosha mkono, uso ukamfunguka. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Geuza kumwona akitabasamu kwa meno. Akamfinya mkono haraka.

"Na hili pazia nalo unauza?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji akasema ni gauni la harusi, akataja bei. Bei haikuwa mbaya. Kwa gauni lile ilikuwa karibu na bure. Lakini Mama Geuza hakuwahi kulipa bei ya kwanza, na siku hiyo hakuona sababu ya kuanza. Akaligeuza ndani nje. Akasema shanga zinapukutika, wakati zilikuwa zimeshikwa kwa mafundo mawili mawili. Akasema kiuno hiki ni cha mtoto. Akasema limekaa mno hapa, limekosa mwenyewe, na lililokosa mwenyewe lina sababu yake. Nani atalitaka? Lilivyo halifai hata kuzikiwa. Muuzaji alisikiliza. Binti naye alisikiliza, na lile tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Hakuwa tena anatazama gauni. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake.

Mama Geuza akataja bei yake, akamshika binti mkono, akageuza mgongo. Wakatembea. Wakapita makoti ya mvua, wakapita suruali za watoto, polepole hata mchukuzi mwenye robota kichwani akawapigia kelele wapishe njia. Hakuna aliyewaita. Akasimama kwenye safu ya viatu, akageuza soli ya kiatu kimoja, akageuza na ya kingine. Hakuna aliyewaita. Akasema twende tukapite kule tena, tunaelekea huko huko. Binti hakuuliza kule wapi.

Hanga ilikuwa tupu. Muuzaji alisema alikuja mama mmoja na binti yake, akauliza bei, akasema ni zuri, akalipa. Alisema hayo kama anayeeleza hali ya hewa. Mama Geuza alimuuliza kwa ukali kwa nini hakumwita.

"Ulisema halifai kitu," muuzaji alijibu. "Nilikuamini, mama."

Kulikuwa na robota ambalo bado halijafunguliwa. Mama Geuza aliketi juu yake. Katika miaka yake yote ya sokoni alishakosa nguo, nani hajakosa, lakini hii ilimuuma kifuani kama msiba. Alikuwa ameshaliona gauni lile likitembea mbele ya watu na huyu binti ndani yake. Hakuwa na tusi lolote la kulitukana sasa.

Binti alisimama mbele yake.

"Ulilipenda?" aliuliza.

"Tangu nilipoliona."

"Mbona ulilisema vile?"

"Ndivyo tunavyonunua, mwanangu. Ukisema kizuri, wanakupandishia."

Binti aliuweka mkoba begani, akatazama njia inayotokea barabarani. Kisha, bila kumgeukia, akauliza kwa ile sauti yake ndogo:

"Na mimi?"

Mama Geuza alifungua mdomo, na maneno ya kawaida yalikuwa tayari pale ulimini: ah, na wewe nawe, mambo gani hayo ya kuulizana sokoni. Lakini binti alikuwa amekwisha kuinua mguu. Mama Geuza aliujua mwendo wa mtu anayeondoka ili aitwe. Aliuishi mwendo huo. Huyu hakuwa anaondoka hivyo. Huyu alikuwa anaondoka tu, na akifika barabarani atapanda gari, na yatakuwa yameisha.

"Wewe nilikupenda siku ile ulipoketi," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, hata muuzaji akageuza kichwa. "Uliipandisha sketi yako kidogo, nikaona pindo limeshonwa kwa mkono. Mishono midogo, imekwenda sawa, mpaka kule nyuma asikoona mtu. Nikasema moyoni, huyu akitoka humu ndani asirudi, nitaugua. Nikaogopa shangazi yako asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba nakutaka."

Muuzaji alianza kupanga upya hanga ambazo zilikuwa zimepangika. Mwanamke wa safu ya pili aliacha kukunja shuka lake na kusikiliza waziwazi. Mama Geuza aliona aibu, aibu ya kweli ya mtu aliyeshikwa na kitu mkononi, lakini alikuwa amekwisha kusema na hakuweza kukirudisha. Binti alirudi, akaketi kwenye robota pembeni yake. Hakuegemea. Walikaa hivyo, magoti yakitazama upande mmoja.

"Ile sketi niliishona mwenyewe," binti alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Shangazi alisema nisije leo."

"Shangazi yako ana haki."

Binti alivuta pumzi, akafuta macho kwa kiganja, akasimama na kujikung'uta vumbi la robota. Aliangalia safu ndefu ya magauni iliyobaki, ambayo mengi yalikuwa ya hovyo, na yeyote mwenye macho angeliona hilo.

"Twende tukatafute lingine," alisema. "Lakini tukilipata zuri, mimi nitasema ni zuri. Mbele ya mwenyewe."

"Watatupiga bei, mwanangu."

"Watupige."

Wakapigwa bei, tena kabla ya saa sita, na aliyelipa ni Mama Geuza.