Beseni la Salvia

Chiwata nzima ilimcheka Ladislaus alipoanza kupanda vichaka visivyoliwa. Alikuwa amestaafu kazi ya bustani kule misheni ya Ndanda, na badala ya kurudi na mabati kama wenzake, akarudi na vipandikizi vya salvia amevifunga kwenye gunia bichi. "Maua hayajazi chungu," walimwambia. Akavipanda hivyo hivyo mbele ya nyumba, jua linapopiga kutwa, kwenye mchanga ambao hata mihogo ilikuwa ikiukataa. Salvia haitaki kubembelezwa, alimfundisha mkewe Severina: maji kidogo, jua tele, na ikimaliza kuchanua ipunguze matawi, ila usiguse shina kongwe. Ukilikata hilo, umeua.

Vikawa vichaka vya kufika kiunoni, vyekundu na vya zambarau, ndege chozi na nyuki hawabanduki. Kicheko kikafa chenyewe, maana hakuna kijiji kisicho na misiba. Magdalena wa kwaya akawa anakuja na beseni lake la bluu. "Shikamoo, Baba Flora. Tumefiwa." Naye huitikia marahaba, akachukua mkasi. Kwa miaka kumi na minne halikutoka jeneza katika kanisa lile bila salvia za Ladislaus juu yake.

Mwaka jana, mwezi wa saba, tumbo likamvimba akalazwa hospitali ya misheni, Ndanda. Severina alirudi nyumbani siku moja tu, kuchukua unga na kanga. Asubuhi yake akamkuta jirani yao Dastani uwanjani, na watu wanane wenye majembe.

"Mama Flora, tumekuja kukusafishia. Wageni wataanza kuja, na vichaka hivi vinaficha nyoka. Watu watakaa wapi?"

Hakuna aliyetaja msiba, lakini Severina hakuwa mtoto. Akikataa, ataitwa mwenye kiburi anayefukuza watu wema siku ya shida. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Hawasemi ufanyeje rafiki akija na jembe. "Yale maua..." alianza, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko kunamla mpaka leo. Kufika saa nne uwanja ulikuwa mweupe, umefagiwa, na rundo la matawi linanyauka nyuma ya choo. Akawapikia uji, wakanywa.

Aliporudi hospitali mumewe aliuliza kabla ya salamu.

"Salvia zangu?"

"Zimechanua."

"Zote?"

"Zote, Baba Flora."

Severina alidhani anamhurumia. Kumbe tangu saa ile Ladislaus hakutulia tena kitandani. Siku tatu aliwasihi madaktari wamwache akakae juani na maua yake, hata kama ni wiki moja. Mwishowe wakamruhusu, na Severina akakosa ulimi wa kumwambia.

Bajaji iliwashusha adhuhuri. Mabenchi sita ya kanisa yalikuwa yamepangwa chini ya turubai. Dastani akaja mbio kumshika mkono. "Karibu nyumbani, Mzee. Tumekusafishia."

Ladislaus aliutazama uwanja, kisha mabenchi, moja baada ya jingine. "Ahsanteni," akasema. "Mmefanya kazi."

Walipobaki wawili akamwambia mkewe, taratibu kabisa, "Ungeniambia, ningebaki kulekule."

Severina alilia. Akaenda nyuma ya choo kulifukua rundo, akitafuta walau tawi moja lenye uhai la kupanda. Yote yalivunjika mkononi kama kuni. Ladislaus hakuomba tena kutolewa nje. Alikufa siku ya tisa, amelala chumbani, uso ameuelekeza ukutani.

Asubuhi ya mazishi Magdalena alifika na beseni lake la bluu, kwa mazoea. Akapiga hodi, akageukia upande wa maua, akasimama hapo hapo. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na kila mtu alikuwa na pa kukaa. Dastani aliangalia chini.

"Mama Flora," Magdalena akasema, "sasa hili beseni..."

"Litie maji," Severina akamjibu. "Watu wanawe mikono."