Harusi Iliyokagua Misonobari

Ofisi ya misitu ilikuwa na vyumba vitano na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kucheka, na mji mzima ulimwita Bibi Misitu, hata wale waliosoma naye darasa moja. Wenzake walikuwa wamestaafu mmoja baada ya mwingine, wakaagwa kwa soda na hotuba, na viti vyao vikabaki vikila vumbi. Kila alipoomba msaidizi, wakubwa walimwambia fungu halijatoka. Pikipiki ya kazi ilikuwepo, nzima kabisa, ila mafuta yake nayo yalikuwa ndani ya fungu hilohilo. Basi msitu akawa anautembea kwa miguu, kipande leo, kipande kesho, kama daktari mwenye wodi isiyo na mwisho.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa mtu wa utani. Jioni mkewe akiingia na majani kichwani, huuliza bila kuinua macho kwenye mashine, "Mume mwenzangu huko msituni hajambo?"

"Hajambo, ila namhofia."

Alichohofia ni mbawakawa, vidudu vidogo kama punje za mchele, vinavyojichimbia chini ya magome ya misonobari na kuukausha mti ukiwa umesimama. Ukiviwahi vikiwa kwenye miti michache, unaikata hiyo, unachoma magome, msitu unapona. Ukichelewa, unabaki na kuni. Na kuwahi kunataka macho mengi. Yeye alikuwa na mawili.

Ikafika siku ya harusi ya mdogo wake. Mpiga picha aliwataka wote msituni, maharusi mbele na misonobari nyuma. Mama alimshika Bibi Misitu mkono mapema. "Mwanangu, leo sitaki habari za miti. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli alijitahidi. Alitabasamu alipoambiwa atabasamu, akashika shada alilopewa kushika. Lakini macho yake yalikuwa juu.

"Dada," bibi harusi akanong'ona, "mbona unatazama juu tu? Mimi niko huku chini, nimependeza!"

"Umependeza sana. Hakuna kitu."

"Sema, bwana!"

"Mti ule pale. Kilele kimekuwa chekundu kama kutu. Juzi juzi kilikuwa kibichi."

Kabla mama hajafungua mdomo, bibi harusi alikuwa ameshakusanya gauni mikononi na kuanza kutembea. Chini ya mti kulikuwa na unga laini wa mbao. Bibi Misitu alibandua gome kwa ukucha, mdudu akadondoka kiganjani. "Wamefika. Na sijui wameenea hadi wapi. Peke yangu itanichukua mwezi."

Bibi harusi aligeuka akautazama umati wa wageni waliosimama hawana la kufanya, wamevaa vya kuvutia. Akavuta pumzi.

"Jamani! Hakuna anayekula mpaka msitu ukaguliwe!"

Watu walidhani ni mzaha, wakaangua kicheko. Walipoona anapanga mashangazi kwenye mstari, wakajipanga. Bibi Misitu akapita mbele yao na ule unga kiganjani, moyo ukimdunda kama yeye ndiye anayeolewa. "Tafuteni huu, chini ya shina! Ukiuona, piga kelele!"

Mstari ukaingia msituni. Kwa muda kidogo ikasikika miguu tu juu ya majani makavu. Kisha sauti ikapasuka upande wa kijito. "Huku! Huku! Nimewapata!" Alikuwa baba wa bwana harusi, mzee ambaye tangu asubuhi hajatoa neno zaidi ya salamu. Alikuwa anarukaruka, suti imejaa utomvu.

Hapo hapakuwa na harusi tena, palikuwa na mashindano. Upande wa bwana harusi ulipopata mti, upande wa bibi harusi ulizomea na kuongeza mwendo. Tai zilifungwa kwenye mashina kuwa alama. Zilipoisha, utepe wa gauni ukachanwa. Na aliyetia fora alikuwa mama mwenyewe, viatu mkononi, akifoka, "Huo wetu! Sisi ndio tuliouona kwanza!" Bibi Misitu alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka.

Miti yote iliyougua ilikuwa imejikusanya bondeni, karibu na kijito. Walikuwa wamewahi. Wiki ileile marafiki wa bwana harusi walirudi na misumeno, miti hiyo ikakatwa, magome yakachomwa shimoni.

Mkubwa wake alipiga simu baada ya picha kusambaa. "Kazi yote ile umeifanya kwa fungu gani?"

"La mashemeji, mkuu."

Mkubwa akaangua kicheko. Mtu wa kumpa hakuwa naye, alisema, lakini alimruhusu kuwakusanya wenyeji apendavyo. Tangu hapo anayetaka kupigwa picha za harusi msituni hukagua kipande kwanza, na maharusi huja wakigombea nafasi.

Mvua zilipokatika, Bibi Misitu alishuka bondeni peke yake. Alipita shina kwa shina kuzunguka palipokatwa, akiinama, akipapasa. Hakuna unga. Vilele vyote kijani. Akajishika kiuno, akapiga kigelegele kirefu, ndege wakaruka pande zote.