Jino Langu la Mbele na Bima ya Bakari

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na jina la kila aliyekuwapo. Harusi ya mjukuu wangu Saumu ilikuwa imekaribia, na jino langu la mbele likaanza kucheza kama mlango uliolegea bawaba. Hapa Likoni mimi ndiye wa kupiga vigelegele vya kwanza bibi harusi akitolewa. Sasa vigelegele na pengo la mbele vitapatana wapi? Hutoka upepo mtupu, na wanawake wakucheke mpaka uzeeke mara ya pili.

Lakini sikuwa na hofu. Mwanangu Bakari, afanyaye kazi kiwandani Changamwe, alikuwa ameniandikisha katika bima ya kazini kwao. "Mama, hata meno yamo," aliniambia. Mimi skuli niliionja tu, basi bima nikaielewa kwa nikijuacho, chama chetu cha matanga. Ukifiwa, shoga zako huja na majamvi, masufuria, mchele na mikono ya kupika. Hakuna akwambiaye, sufuria hili hapa, mchele jitafutie.

Nikaenda kwa daktari wa meno na wifi yangu Mwanakombo, dadake marehemu mume wangu, mkubwa wangu kwa umri na kwa ulimi. Daktari alikuwa kijana wa bara, Mutua, mwenye adabu zake. Akaniamkia shikamoo, nikamwambia jino hili limenichosha. Akalitikisa.

"Nitaling'oa leo, bibi. Bima inalipa."

"Ling'oe, mwanangu, kisha nitilie jipya. Jeupe, lakini si jeupe sana, watu wasije wakajua."

Nikaachama. Mwanakombo akanipiga kofi la goti.

"Hebu funga kinywa, wifi! Daktari, kung'oa ni bima. Na kutia jipya ni nani?"

"Jino la bandia halimo, mama. Hilo mgonjwa hujilipia."

"Umesikia? Ungerudi nyumbani na pengo la bure!"

"Bakari kasema meno yamo," nikajitetea.

"Kasema yamo, hakusema yote. Wallahi wewe nazi moja sokoni huitikisa mpaka mwenyewe akakasirika, leo watoa jino bila kuuliza?"

Mutua akacheka, kisha akatueleza taratibu. Kung'oa kumo, kuziba kumo, kusafisha kumo. Meno ya bandia hayamo. Na hayo yaliyomo yana kiwango chake cha pesa kwa mwaka, tena kimoja tu. Mimi, Bakari, mkewe na watoto wao twakichota pamoja. Kikiisha, ni mpaka mwaka ugeuke.

"Basi hakuna la kulishikilia jino hili?" akauliza Mwanakombo.

"Lipo la kujaribu. Ufizi ndio mgonjwa. Nikiusafisha, na bibi akiutunza, huenda jino likashika. Siahidi."

Nikasafishwa. Nikawa nala uji na mkate wa kumimina uliolowa chai. Siku ya harusi Saumu akatolewa, nikavuta pumzi, nikavipiga vigelegele mpaka nyumba ya tatu wakachungulia. Mwanakombo akaninong'oneza, "Lipo?" Nikapitisha ulimi. "Lipo!" Na mpaka leo lipo, ingawa muwa siuthubutu.

Mwanangu, bima ni neema, usiidharau. Lakini si mama yako, haikupi kila ulitakalo. Kabla hujakaa kwenye kile kiti, uliza kipi kimo na kipi hakimo, kiwango ni kipi, na mwakichota wangapi. Uliza kazini, ukifika kwa daktari uliza tena. Usione haya, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na yaliyomo yatumie mapema, tundu likiwa dogo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utaujenga kwa mfuko wako.

Mola akupe afya, akujaalie jamaa wa kukukemea kwa mapenzi, na riziki yako uitafune mwenyewe mpaka uzeeni. Amin.