Rulema ya Upande Wake

Mke wangu alikuwa na mdomo. Tukitoka Bogoro na mihogo yetu, alizungumza mpaka tunafika Ngezi: kwaya, majirani, namna ninavyoingia vibaya kwenye mashimo. Nilikuwa ninamwambia, "Mama, nyamaza basi, nisikie gari!"

Alifariki wakati wa mvua. Safari ya kwanza peke yangu nilisikia mngurumo kwenye gurudumu la mbele, upande wa kulia, upande wake. Nikaenda kwa fundi na hasira zangu, nikiilaani barabara.

Fundi alipanda akaketi kwenye kiti cha mke wangu, ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tena, akaniomba niendeshe polepole. Akafumba macho, akasikiliza. Kisha akainua gari kwa kriki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Papa, rulema, hii beringi ya humu ndani ya gurudumu, ilikufaka zamani," akasema. "Inalia karibu mwaka muzima. Weye haukuisikia?"

Nilimwambia haikuwahi kupata nafasi ya kusema.

Akaweka rulema mpya, akaipaka grisi. Wakati wa kurudi, hata gari lilikuwa limenyamaza.