Anti Mwelu na Seva Iliyojiita Kampuni ya Kamari

Sikujua kwamba kompyuta inaweza kutajwa kwa jina la mtu mwingine na mwenyewe asijue. Haki ya nani, sikujua. Nimeliona hilo kwa macho yangu likizo hii ya Agosti, katika karakana ya wachongaji hapa mtaani Jericho, na mpaka leo nikilikumbuka mdomo unabaki wazi.

Mwenye kuitunza kompyuta hiyo ni Anti Mwelu, mdogo wake mama. Ana miaka arobaini na mmoja, sauti nene, na kovu la patasi kwenye kidole gumba, maana alizaliwa kwa wachongaji na alishika patasi kabla ya kalamu. Baadaye akawa karani wa kiwanda fulani Industrial Area, na huko ndiko alikojifunza mambo ya kompyuta kwa kumchungulia fundi wao begani. Sasa ni karani wa chama cha wachongaji. Wako kumi na sita, karibu wote Wakamba kama sisi, isipokuwa Mzee Shitanda, Mluhya anayechonga ndovu na kumchokoza kila anayepita.

Kwenye kona ya karakana, nyuma ya pazia la plastiki la kuzuia vumbi la mbao, iko seva ya chama: kompyuta kuukuu inayopokea na kutuma barua pepe zao. Anti huifuta kila asubuhi kwa brashi ya rangi. Wangeweza kutumia anwani za bure kama watu wengine, lakini mwaka juzi tapeli mmoja alijifanya wao, akawaandikia wanunuzi wa ng'ambo. Mkutano ukaamua chama kiwe na anwani yake, na wanunuzi wakaombwa wasipokee neno lolote lisilotoka kwenye anwani hiyo.

Seva ilipoanza kazi, barua taka ziliimwagikia kama mvua ya Aprili. Vidonge vya kunenepa, zawadi za mashindano ambayo hakuna aliyeshiriki, wajane wa majenerali. Anti akaweka ukaguzi. Nilimwomba anieleze, akanieleza huku anamenya viazi.

"Kila kompyuta inayobisha hodi ina namba. Seva yangu haijali inajiitaje. Inaenda kwenye daftari la namba, inauliza, hii ni ya nani? Ikipewa jina, inaliuliza na hilo jina: wewe namba yako ni gani? Majibu yasipooana, mlango haufunguki."

"Na matapeli?"

"Wengi wanatumia kompyuta walizoziteka za watu nyumbani. Hizo namba hazina jina la maana. Zikiulizwa zinababaika."

Mzee Shitanda akadakia kutoka kwenye kigoda chake, "Ni kama kijana amekuja kuposa. Anasema yeye ni wa ukoo fulani. Haya, unatuma mtu kwa huo ukoo aulize kama wanamjua!"

"Umepata, mzee," Anti akasema, na alifurahi kwa sababu Shitanda si mtu wa kukubali jambo haraka.

Barua taka zikashuka kutoka mia tatu kwa siku hadi nne au tano.

Ndipo ukaja mwaliko kutoka Uholanzi. Maonyesho ya vinyago, miezi mitatu, na wachongaji wetu wamepewa ukumbi mzima. Sharti lilikuwa moja: chama kithibitishe kwa barua kutoka anwani yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana saa zetu. Wasipothibitisha, ukumbi unaenda kwa wengine. Karakana ilikuwa haijapata nafasi kama hiyo tangu babu yangu akiwa hai.

Jumanne asubuhi Anti akatuma barua. Hata kikombe hakijafika mdomoni, ikarudi.

"Imerudi?" nikauliza. "Kwani barua pepe hurudi?"

Anti akainamia kioo. Alikuwa anasoma maandishi madogo chini, midomo ikicheza. Halafu akakaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Seva ya Uholanzi nayo ina ukaguzi uleule! Ilikuwa imeuliza namba yetu ni ya nani, na daftari likajibu kwamba ni ya Dau Tamu, na Dau Tamu lilipoulizwa likataja namba nyingine kabisa.

"Dau Tamu ni nini, Anti?"

"Kampuni ya kamari, Mumo."

Wiki mbili kabla ya hapo chama kilikuwa kimehamia kampuni nyingine ya intaneti, kikapewa namba mpya. Kumbe namba hiyo ilikuwa ya watu wa kamari kabla yetu, na kwenye daftari bado ilikuwa yao. Yaani kwa wiki mbili nzima, kila seva ya dunia iliyouliza sisi ni nani ilijibiwa hivyo! Na mwenyekiti wetu, Mzee Mulwa, ni mzee wa kanisa ambaye hata karata za watoto huzichoma.

Anti akampigia simu mama wa Uholanzi aliyetuma mwaliko, mnunuzi wetu wa siku nyingi. Kiingereza chake hutoka taratibu akiwa na hofu, kwa hivyo nilisikia kila neno. Yule mama alikuwa mpole kabisa. Akasema sauti anaitambua, lakini je, si ninyi wenyewe mliotuomba tusipokee kitu nje ya anwani yenu?

Anti akamshukuru, akakata simu.

Akampigia Kabiru, fundi wa intaneti aliyetuhamisha, mwenye kiofisi chake Mowlem. Akaweka simu kwenye spika ili aandike.

"Kabiru, mbona hamkubadilisha jina la namba yetu? Mnataka kutuua?"

"Sasa madam, pole. Lakini si nilikuuliza?"

"Uliniuliza nini?"

"Siku ile niko juu ya ngazi. Nikakuambia, madam, hii namba iko na jina la mwenyewe wa zamani, tulibadilishe? Ukaniambia, 'Liache tu hivyo hivyo.'"

Anti akaiweka kalamu chini.

Mtu asiye wa Jericho hawezi kuelewa alikosea vipi. Nyumba zetu hizi ni za kukodi za zamani. Tunayokaa sisi, daftarini bado ni ya marehemu Wakoli, aliyefariki kabla sijazaliwa. Jirani yetu Asenath anaishi kwa jina la mtu asiyemfahamu kabisa. Watoto wa hapa hufundishwa mapema: karani akija na daftari akakuuliza kuhusu jina, sema liache hivyo hivyo. Ukiligusa utaanzisha maswali, na maswali yanaweza kukutoa kwenye nyumba. Anti amelisema neno hilo tangu ana miaka sita. Fundi alipotaja jina la mwenyewe wa zamani, ulimi ulijibu kabla ya akili.

"Badilisha sasa hivi," Anti akamwambia Kabiru.

"Sawa, lakini wakubwa wanataka barua ya chama, iwe na muhuri. Na madam, hata tukibadilisha, seva za huko nje zinakumbuka jibu la zamani kwa muda. Siku moja, wakati mwingine zaidi."

Muhuri wa chama hulala kwenye mfuko wa koti la Mzee Mulwa, haukai pengine. Kwa hivyo ilibidi Anti amwambie.

Alimwambia yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Mzee Mulwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kamari," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Sisi."

"Ndiyo."

"Ngai!" Akavua miwani. "Na ni nani aliyesema jina liachwe?"

"Ni mimi, mzee. Fundi aliniuliza vizuri, nikamjibu bila kufikiri."

Mzee Shitanda alicheka mpaka akashika mbavu. "Wachungaji wa kamari! Mulwa, Jumapili utatuombea kwa dau gani?" Lakini Mzee Mulwa hakucheka; alitia mkono mfukoni mwa koti. Muhuri ukapigwa. Anti akaondoka mbio kwenda Mowlem na ile karatasi ndani ya blauzi.

Jumatano jioni Kabiru akasema tayari. Alhamisi asubuhi Anti akatuma: ikarudi. Adhuhuri ikarudi, na saa kumi ikarudi tena, na kila mara jibu ni lilelile, Dau Tamu, Dau Tamu, mpaka nikalichukia jina hilo kama jina la mtu aliyenipiga. Wachongaji walikuwa wanapita karibu na pazia bila kuuliza. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba hakuna aliyemgombeza. Kelele za tezo zilikuwa zimepungua tu.

Ijumaa saa tano ikarudi. Saa tano na robo ikarudi. Anti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na bado ilikuwa dakika ishirini na mbili kufika saa sita alipobonyeza tena.

Safari hii haikurudi. Tulisubiri. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mfupi: imepokelewa. Anti akausoma mara tatu kwa sauti. Baada ya dakika kumi yule mama wa Uholanzi akajibu kwamba ukumbi ni wetu, na alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi.

Mzee Mulwa alikuwa amelifunua pazia, vumbi limejaa nyusi zake, lakini aliyesema kwanza ni Mzee Shitanda kutoka nyuma yake.

"Wewe Mwelu. Tunaenda au hatuendi?"

"Mnaenda, mzee."

"Una hakika?"

"Wametuandikia."

"Basi nirudi kazini." Akageuka, akaokota patasi sakafuni. "Nina ndovu wawili pale niliwaacha Jumanne bila masikio. Sasa mtu atahangaika na masikio ya ndovu asiyeenda mahali?"