Bafu Lisilo na Mlango

Nyumba yetu ya Granville, jijini Sydney, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ilinuka wino. Harufu yenyewe ilikuwa kali, ikichanganyika na chai ya tangawizi, na ilianzia mezani baada ya chakula cha jioni, pale Baba alipokaa na binamu yangu Neema. Neema alikuja kutoka Nakuru, akapewa chumba changu, nami nikahamishiwa kwa mdogo wangu anayekoroma. Alikuwa amepata uanagenzi wa shahada: siku nne kwa wiki alifanya kazi katika ofisi ya wasanifu majengo kule Parramatta, na siku moja alikwenda chuoni kusomea teknolojia ya usanifu majengo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alipewa baba yangu.

Kenya, Baba alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Sydney aliogesha wazee kwa zamu katika makao yao. Ofisini kwa Neema walichora kwa kompyuta, lakini Baba alishikilia kwamba mkono ujue kwanza. Akamnunulia kalamu za wino na karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga, akamwonyesha mafundi wa zamani walivyofuta kosa: unakwangua wino kwa ncha ya wembe, polepole, kisha unasugua kwa ukucha hadi karatasi ilainike. Mimi nilitazama kutoka kwenye kochi, roho ikiniuma. Miaka yote Baba alirudi kutoka kazini amechoka, hana neno nami. Kumbe maneno alikuwa nayo. Tena Neema alimjibu kwa Kiswahili kitamu, ilhali mimi nikisemeshwa najibu Kiingereza, na nilijua inamuudhi.

Neema alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na msimamizi wake alitaka kuona ramani moja aliyoichora kwa mkono wake tangu mwanzo. Aliihangaikia wiki mbili. Jumamosi, yeye na Baba walipokwenda dukani, nikachukua wembe. Niliukwangua mlango wa bafu kwenye ramani yake, nikaliziba pengo kwa mistari miwili ya ukuta, nikasugua kwa ukucha. Nilitaka afukuzwe, basi.

Hakufukuzwa. Msimamizi alimuuliza kama wenye nyumba wataingia kuoga kupitia dirishani. Neema akasema ni haraka zake, akapewa wiki moja arekebishe. Jioni ile Baba aliinua karatasi kwenye taa, akapitisha kidole pale bafuni, akahisi palipokwanguliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Akageuka akanitazama, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama.

“Una mkono mwepesi,” akasema. “Vuta kiti, ukae hapa.”

Hicho ndicho nilichokuwa nikikililia mwaka mzima. Lakini Neema alikuwa amekaa palepale, macho mekundu, nami sikutaka kugawana. Nikasema nina kazi ya shule, nikaenda zangu chumbani. Baba hakuniita tena.

Leo Neema ana ofisi yake. Mimi ni muuguzi. Kila wiki nampitia Baba, nampangia dawa, nampima presha. Jumapili iliyopita Neema alimpigia simu, wakazungumza saa nzima kuhusu ngazi. Ngazi tu! Namwonea wivu hadi leo, na sasa sina wa kumlaumu. Alipokata simu, Baba aliniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema vizuri. Akanyoosha mkono nimfunge kipimo, akafumba macho.