Anachora Nini?

Ukimkuta kazini, Masikio ataanza na masikio yako. Si macho, si pua. Masikio kwanza, halafu kichwa kinafuata chenyewe. Anasema uso mtu anaweza kuupanga, akauvalisha tabasamu la kuazima, lakini masikio hayajui kujipanga. Ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi analitumia.

Hiyo ndiyo kazi yake: kuwachora watu kikatuni, papo kwa papo, mteja amekaa mbele yake kwenye stuli ya plastiki. Mwenye pua kubwa anaongezewa, mwenye kitambi anapewa cha watu wawili, na wanalipa wenyewe huku wanacheka. Kila mwaka wapenzi wa katuni hukodi ukumbi wa harusi, wakaujaza vitabu, vinyago na watu wazima waliovaa majoho ya mashujaa wa katuni, na Masikio hupewa meza karibu na mlango wa choo. Harufu ipo, lakini na wateja wapo, kwa sababu choo hakina mjanja.

Mwaka ninaousema alikaa mezani pake na jambo zito. Wazee wake walikuwa wameshakwenda kumposea binti wa fundi cherehani, msichana anayeuza duka la dawa, na jibu lilikuwa litoke Jumapili. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, kabla hata hajachonga penseli, mchumba akapiga simu.

"Baba anakuja huko."

"Kuniona?"

"Kuchorewa nyumba."

Sasa tusimwonee binti wa watu. Hakusema uongo. Baba yake alimuuliza yule kijana anafanya kazi gani, naye akajibu, "Anachora." Basi, neno moja. Lakini hebu mwambie mtu mwenye kiwanja kwamba kuna kijana anachora, uone atasikia nini. Yule mzee amepanga chumba maisha yake yote. Kiwanja anacho, kimeota majani, na matofali amekuwa akiyarundika humo kidogo kidogo kama mtu anayeficha sukari. Akasikia "anachora," akamalizia mwenyewe: ramani. Akamshukuru Mungu. Kulipokucha mtaa mzima unajua kwamba posa imetoka kwa mchora ramani. Binti alikuwa na nafasi ya kumsahihisha. Akatulia tuli kama maji ya mtungini, na kimya chake kikajenga nyumba ya vyumba vitatu, sebule na baraza.

"Mchoree tu," mchumba akasema kwenye simu. "Mistari minne, mlango, dirisha. Jumapili ikishapita nitamweleza polepole. Nikitoka zamu nakuja."

"Nyumba itamwangukia."

"Kwani inajengwa leo?" Akakata simu.

Mzee akafika na koti lililonyooshwa kwa pasi, na tepu ya kupimia nguo shingoni, ameisahau hapo tangu alipoamka. Alipita katikati ya watu wenye mikia na mabawa bila kushtuka, maana fundi cherehani ameshashona mengi. Alisimama mara moja tu, akashika pindo la joho la shujaa mmoja, akaligeuza.

"Nani amekushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, mzee."

"Inaonekana," akasema, akaendelea na safari yake.

Masikio akainuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana." Akaketi kwenye stuli, akautazama ukumbi. "Hawa wote wanajenga?"

"Wengine bado wanatafuta kiwanja," Masikio akajibu, na papo hapo akajilaani moyoni, kwa kuwa uongo umeshamtoka na wala hakusukumwa na mtu.

Mzee akainua macho kwenye michoro iliyobandikwa ukutani: vichwa kama maboga, pua kama bomba la jiko, meno ya kufungulia chupa. Akaiangalia mmoja mmoja, taratibu.

"Na hawa?"

"Hao ni wateja wangu."

"Unamchora mwenye nyumba kwanza, ndipo unaingia kwenye nyumba yake." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Hata suti huwezi kuikata hujamwona mtu."

Kisha akatoa mfukoni kitambaa cha bitana, akakikunjua juu ya meza. Kilikuwa kiwanja chenyewe. Alikuwa amekikata umbo lake, mipaka ameichora kwa chaki, na pale panapopita njia ya maji amepiga ushono mwepesi wa uzi mwekundu. "Pembe hii imekwenda kombo," akasema, akiipapasa kwa kidole gumba. "Kama kwapa lililokatwa vibaya. Utaona mwenyewe utakavyoificha."

Masikio akachukua penseli. Akachora ukuta, na ukuta wa pili. Mzee naye akawa anaelekeza: chumba hiki changu, hiki cha wageni, jiko liwe nje kidogo moshi usiingie ndani. Alipofika chumba cha tatu akapunguza sauti.

"Hiki chenu, mkija na watoto. Mimi nimelea wanne chumba kimoja, pazia katikati. Mama yao ameumwa nyuma ya pazia lile, amekufa nyuma ya pazia lile, na wanawe wako upande wa pili wanasikia kila kitu. Sitaki tena mambo ya pazia. Chumba hiki kiwe na mlango."

Penseli ikasimama. Masikio alimpenda yule msichana. Nalisema mimi kwa sababu yeye mwenyewe kulisema vizuri kulimshinda: alimpenda hadi chakula hakimpiti kooni akikosa sauti yake. Akisema kweli, Jumapili yake imeota mbawa. Akinyamaza, mzee huyu ataichukua karatasi hii na kuipeleka kwa waashi, na wajukuu watalala chini ya ukuta uliochorwa na mtu asiyejua msingi unaanzia wapi. Akailaza penseli mezani.

"Mzee, mimi sichori ramani."

"Unachora nini?"

"Katuni."

Mzee akalitafuna lile neno. "Katuni. Zile za kuchekesha."

"Wengine wanacheka."

"Nimewaambia majirani."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Fundi mwashi nimemwambia aje Jumatatu."

Nyuma ya mzee alisimama mtu aliyevaa kama popo, anasubiri zamu yake ya kuchorwa. Akauona uso wa Masikio, akaondoka zake taratibu.

"Nani amekutuma unikalishe hapa, unichoree nyumba ya uongo?" mzee akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema tu, binti yako, na asingekuwa mwongo.

"Hakuna aliyenituma. Nimeanza mwenyewe."

Mzee akakikunja kiwanja chake, akakikunja tena, akakirudisha mfukoni, na vidole vyake vinavyotunga uzi kwenye sindano bila miwani vikahangaika na ule mfuko kama vya mtoto. Hakuinuka. Masikio alitamani ainuke, amtukane, yaishe.

Ndipo binti akaingia, bado na koti jeupe la dukani, anahema. Akamwona baba yake ameketi. Akaona karatasi yenye kuta mezani. Roho ikamtulia, akajua mambo yamekwenda sawa.

"Umeona, baba? Si nilikwambia? Huyu anachora mpaka ramani za maghorofa. Wakubwa wanapanga foleni kwake."

Masikio akafumba macho.

Mzee akageuka kwenye stuli, akamtazama mwanawe kuanzia viatu hadi usoni, kama anayetaka kumchukua vipimo upya.

"Mwanangu," akasema, "usimsingizie mkwe wangu."